Kutoka Hina hadi Verni: Historia Fupi ya Rangi za Kucha na Somo Lake kwa Walimu wa Kiswahili

Utangulizi

Kila mwaka kiangazi kinapoingia, mji wa Gisenyi hupokea wageni wengi. Familia huja kupumzika kando ya Ziwa Kivu, harusi hufuatana Jumamosi kwa Jumamosi, na wanafunzi hurejea makwao kwa likizo ndefu. Huku juu Kanzenze, kama ilivyo mjini, wasichana walioishi miezi mingi na kucha fupi zisizo na rangi, kwa mujibu wa kanuni za shule, huanza kuulizana: tupake rangi gani? Nyekundu au waridi? Fupi za mviringo au ndefu za kubandika? Hina au verni?

Katika vyumba vya walimu maswali hayo huchekwa. Husemwa kwamba kucha si somo, na kwamba huo ni uigaji wa mambo ya kigeni uliokuja jana. Makala haya yanakusudia kuonyesha kinyume chake. Kupaka kucha rangi ni desturi ya zamani katika utamaduni wa Waswahili; kila zama zimeiachia lugha yetu maneno yake; na katika kila zama palikuwa na mtu au chombo kilichojaribu kuamua ni mikono ya nani inayostahili kupakwa, na lini. Mwalimu wa Kiswahili anayelidharau swali la binti huyo anapoteza somo la historia na somo la msamiati kwa wakati mmoja.

Hina ya pwani

Ushahidi wetu mmoja ulio bora unapatikana katika fasihi. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, alitunga utendi wa kumuusia binti yake, Mwana Hashima. Kwa kawaida utendi huo hufundishwa kama mawaidha ya dini na utiifu katika ndoa. Lakini ndani yake mama anamhimiza bintiye pia asikose pete vidoleni, wanja machoni, na hina katika kucha. Hajasema mikononi tu: amezitaja kucha zenyewe. Kwa hiyo zaidi ya miaka 160 iliyopita, mwanamke msomi wa visiwa vya Lamu aliihesabu rangi ya kucha kuwa jambo la heshima linalostahili kuwekwa katika wasia.

Neno analolitumia ni la kuzingatiwa. Katika lahaja za kaskazini kucha huitwa nyaa. Mwanafunzi wa Rwanda akiliona neno hilo atakumbuka inzara, yaani kucha kwa Kinyarwanda. Akiendelea atakumbuka kwamba inzara, kwa maandishi yaleyale lakini kwa matamshi tofauti, ni njaa. Nyaa na njaa kwa upande wa pwani. Inzara na inzara kwa upande wa ziwa. Mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi kwamba Kiswahili na Kinyarwanda ni ndugu hana haja ya kwenda mbali: mfano uko kwenye ncha za vidole.

Hina yenyewe hutokana na majani ya mhina, na jina lake limetoka katika Kiarabu. Majani hukaushwa, hutwangwa na kuchekechwa, kisha unga wake hukandwa kwa maji na mara nyingi kwa limau. Rangi yake hushikana na kiini cha ukucha chenyewe, haikai juu kama tabaka. Ndiyo maana haibanduki: hutoka tu kadiri ukucha unavyokua na kukatwa, na ukucha wa mkono huhitaji takriban miezi sita kujibadilisha wote. Rangi ya hina ni ya machungwa iliyoiva au nyekundu iliyokolea. Wanaotaka weusi hutumia piko, ambayo siku hizi mara nyingi ni rangi ya kutia nywele na huweza kuunguza ngozi. Ni vyema walimu wawaeleze vijana tofauti hiyo, kwani piko huuzwa mara nyingi kwa jina la hina nyeusi.

Hina yaingia bara

Hina haikuja Gisenyi peke yake. Ilikuja pamoja na lugha. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilikieneza Kiswahili hadi mashariki ya Kongo. Mwaka 1894 Mjerumani von Götzen alifika Ziwa Kivu. Mwaka 1910 wakoloni walikubaliana juu ya mipaka iliyoigawa nchi ya ziwa. Na hadi mwaka 1916, walipofukuzwa na Wabelgiji, Wajerumani waliitawala Rwanda wakiwatumia askari na makarani waliozungumza Kiswahili. Wafanyabiashara na askari hao waliunda mitaa ya Waislamu katika miji michanga. Msikiti wa Al-Fatah wa Kigali ulijengwa mwaka 1913.

Chini ya Wabelgiji mitaa hiyo iliitwa kambi za Waswahili, na wakazi wake walitengwa na wananchi wengine. Kiswahili kilionekana kuwa lugha ya Uislamu na ya biashara, si ya shule. Ndani ya mitaa hiyo bibi harusi alipakwa hina, na hina ikawaonekana watu wa nje kuwa alama ya Mswahili kama kofia na kanzu. Hivyo dharau iliyokipata Kiswahili katika nchi hii na dharau iliyoipata hina zililelewa katika nyumba moja. Kiswahili kilikubaliwa kuwa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, miaka kumi baada ya nchi kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hina haikuhitaji sheria: leo mabibi harusi wasio Waislamu nao huiagiza.

Rangi ya chupa

Wakati hina ikishuka na kupanda milima, Marekani ilikuwa ikitengeneza kitu kingine. Mwaka 1911 Northam Warren alianzisha bidhaa za Cutex, akianza na dawa ya kuondolea ngozi iliyo kwenye mashina ya kucha. Kabla ya muongo huo kwisha alikuwa akiuza pia rangi ya maji ya kupaka. Miaka ya 1920 viwanda vya magari vilianza kutumia rangi mpya iliyokauka upesi na kung'aa, na rangi ya kucha ya kisasa ni ndugu wa rangi hiyo ya magari. Mwaka 1932 kampuni ya Revlon ilianzishwa New York ikiuza rangi nzito isiyopitisha mwanga. Miaka ya 1950 daktari wa meno Mmarekani, Fred Slack, alitumia vifaa vya kazi yake kutengeneza ukucha wa bandia. Jeli inayokaushwa kwa taa ilienea sana baada ya mwaka 2010.

Tazama jinsi lugha ilivyopokea. Nchini Kenya, Uganda na Tanzania jina la kampuni likawa jina la kitu, na watu wakasema kyuteksi hata kama chupa ni ya kampuni nyingine. Ni njia ileile iliyotupa kiwi kwa rangi ya viatu na blubendi kwa siagi ya mkate. Rwanda na Kongo, zilizosomeshwa kwa Kifaransa, zilichukua verni. Kwa hiyo neno analolitumia mteja hutaja shule aliyosoma babu yake. Tangu mwaka 2008, Rwanda ilipoamua kufundishia kwa Kiingereza, maneno ya Kiingereza nayo yameingia, na vijana huyachanganya yote katika sentensi moja.

Lakini jina si ushahidi wa asili sikuzote. Mtindo wa kupaka ncha nyeupe juu ya ukucha wa rangi ya ngozi, unaoitwa wa Kifaransa, ulienezwa miaka ya 1970 na Jeff Pink huko Los Angeles kwa ajili ya waigizaji wa filamu waliotaka rangi inayokubaliana na kila vazi. Ni wa Kimarekani wenye jina la Paris. Mwanafunzi wa isimu akumbuke hilo kabla ya kusimulia historia ya kitu kwa kutazama jina lake tu.

Nani mwenye mikono?

Tukiuliza ni nani aliyeamua juu ya mapambo ya wanawake, tunaingia katika historia nzito zaidi. Zanzibar ya karne ya 19 ilitofautisha mwungwana na mtumwa kwa mavazi. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa walijifunga kanga na kujipamba kama waungwana. Hayakuwa mapambo matupu. Yalikuwa madai ya uraia.

Dini nayo ina neno lake. Maji ya udhu hupita juu ya ukucha wenye hina, lakini huzuiwa na tabaka la verni. Kwa sababu hiyo wanawake wengi Waislamu hupaka verni siku ambazo hawaswali, na hina siku zote. Ndiyo sababu kubwa ya hina kutofukuzwa na chupa.

Halafu ikaja dola. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza kampeni dhidi ya vimini, mawigi, krimu za kuchubua ngozi na suruali za kubana, iliyoanza kutekelezwa Januari 1969 kwa hoja ya kulinda utamaduni wa taifa. Septemba 2018 Spika Job Ndugai aliwakataza wabunge wa Tanzania kuingia bungeni wakiwa na kope na kucha za bandia, safari hii kwa hoja ya afya. Hoja ya afya haikosi msingi, kwani gundi na jeli huwadhuru baadhi ya watu ngozi. Hata hivyo, msomaji makini ataona kwamba hoja hubadilika, ilhali anayekatazwa ni yuleyule.

Shuleni kwetu pia ipo hoja: usafi, usawa baina ya tajiri na maskini, na utulivu wa masomo. Sizipingi. Nasema tu kwamba likizo kwa binti wa shule imekuwa kama Idi au harusi kwa mabibi zake: muda ulioruhusiwa. Ndiyo maana uchaguzi wa rangi humchukua siku nzima.

Uchaguzi wa kiangazi hapa Kanzenze

Je, historia hii inamsaidiaje huyo binti? Kwanza, inamwonyesha kwamba rangi hufuata kazi. Udongo wetu ni wa volkano, mweusi, na viazi havijichimbi vyenyewe. Verni hukwaruzwa na mpini wa jembe kwa siku mbili, na ukucha mrefu wa kubandika ukivunjika huweza kuondoka na ukucha wa asili. Kwa mkono utakaolima asubuhi na kwenda harusini jioni, hina ya kucha tu, fupi na nadhifu, ni chaguo lisiloaibisha. Atakayekaa ufukweni wiki moja na apake waridi au samawati apendavyo.

Pili, na hili latuhusu sisi, kutengeneza kucha ni ajira. Wapo vijana wanaoketi saluni mjini wakati wa likizo ili wapate karo. Mteja kutoka Mombasa huagiza kyuteksi ya damu ya mzee; wa Goma huomba verni; wa Dar es Salaam hutaka abandikwe kucha. Kijana aliyefundishwa rangi tatu tu, nyeupe, nyeusi na nyekundu, hukwama, na mteja huhamia kiti cha jirani. Kiswahili kina hazina kubwa ya majina ya rangi yanayotokana na vitu: kijivu cha jivu, kahawia ya kahawa, zambarau ya tunda, waridi la ua, na hiyo damu ya mzee isiyo na mzee wala damu. Hazina hiyo imo vitabuni, lakini mara nyingi huishia kwenye orodha ya kukariri.

Hitimisho

Napendekeza zoezi jepesi kwa walimu wenzangu. Kabla ya kufunga shule, wapeni wanafunzi kazi ya likizo: kila mmoja akusanye maneno kumi yanayohusu kucha na rangi kutoka kwa bibi, msusi, mfanyabiashara na jirani Mwislamu, aandike asili ya kila neno na ni nani analitumia. Wakirudi, darasa litakuwa na kamusi ndogo iliyobeba Kiarabu, Kifaransa, Kiingereza, Kinyarwanda na Kiswahili cha lahaja zaidi ya moja, pamoja na njia ambazo lugha hizo zilifikia Kivu.

Tumezoea kulalamika kwamba wanafunzi wetu hukiona Kiswahili kuwa lugha ya mtihani tu. Mwana Kupona hakuona unyonge kutia ukucha wa bintiye ndani ya utendi. Nasi tusione unyonge kuutia darasani.