Ndizi Haitoshi: Potasiamu, Dawa za Presha na Kalamu ya Mtabibu Kimilili

Mgonjwa wa presha anayeandikiwa haidroklorothiazidi huku Kimilili mara nyingi hupewa na ushauri juu yake: ale ndizi, parachichi na mboga za majani. Ushauri huo si mbaya. Ubaya ni kwamba umefanywa mbadala wa mambo mawili ambayo ni kazi ya mtabibu, yaani kuchagua dawa na kupima damu. Ninashikilia kwamba upungufu wa potasiamu unaoletwa na dawa si jambo la kuachiwa sahani ya mgonjwa. Ulianzia kwenye karatasi ya dawa, na huko ndiko unakopaswa kuzuiwa kwanza.

Kwa kawaida lita moja ya seramu huwa na milimoli 3.5 hadi 5.0 za potasiamu. Chini ya 3.5 tunaita hipokalemia. Chini ya 2.5 misuli hulegea na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika hata kuua. Thiazidi, jamii ya dawa ambamo haidroklorothiazidi imo, huziba njia ambayo figo hutumia kurudisha sodiamu na kloridi katika damu. Sodiamu iliyokosa kurudishwa huteremka hadi sehemu ya mwisho ya mrija wa figo, na huko homoni ya aldosteroni, ambayo nayo imepanda kwa sababu mwili unapoteza chumvi na maji, huirudisha kwa gharama ya potasiamu. Furosemidi hufanya vivyo hivyo kwa kuanzia sehemu nyingine ya mrija. Kadiri mgonjwa anavyokula chumvi nyingi, ndivyo sodiamu inayofika huko inavyozidi, na potasiamu inavyomwagika. Kama ni lazima tuzungumzie chakula, basi neno la kwanza liwe chumvi, ndizi ifuate.

Tufanye hesabu kidogo. Takribani asilimia 98 ya potasiamu ya mwili imo ndani ya seli, kwa hiyo kipimo cha damu huonyesha sehemu ndogo tu ya hasara. Kipimo kikishuka kwa milimoli 1, mwili wote unaweza kuwa umepoteza milimoli 200 hadi 400. Ndizi moja ya ukubwa wa wastani ina milimoli 10 au 11. Kuifidia hasara hiyo kwa ndizi peke yake kungehitaji ishirini na zaidi, tena figo ikiwa imeacha kuvuja, na haiachi maadamu dawa inaendelea kumezwa. Juu ya hayo, thiazidi hupoteza kloridi pamoja na potasiamu na kuuacha mwili na alikali iliyozidi. Potasiamu ya vyakula vya mimea huja hasa pamoja na chumvi za sitreti na fosfeti, na katika hali hiyo haishiki vizuri kama kloridi ya potasiamu. Hoja hii inahusu pia musherekha, munyu wa kienyeji ambao jikoni kwa Waluhya huchujwa kutoka majivu ya mimea mikavu kama mashina ya maharagwe na kutiwa katika kunde na mrenda. Majivu ya mimea yana kabonati ya potasiamu kwa wingi, na msomi anayependa mila angetamani kusema kwamba bibi zetu walishapata tiba. Walipata kiungo kizuri cha kulainisha mboga. Kutibu hipokalemia ya thiazidi ni jambo jingine.

Dalili zenyewe hazijitangazi. Mtu husema mwili umeisha nguvu, miguu inakaza usiku, choo kimekuwa kigumu, moyo unadunda. Kwa mkulima wa mahindi aliye na miaka sitini na kitu, kila moja ya hizo ina maelezo ya karibu zaidi: uzee, palizi, malaria. Tena dawa hazitembei peke yake. Tuchukulie mama mwenye presha ambaye kifua kinambana msimu wa baridi. Duka la dawa linampa salbutamoli na prednisoloni. Salbutamoli husukuma potasiamu kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli, prednisoloni huongeza kiasi kinachotoka kwa mkojo, na thiazidi imekuwa ikifanya kazi yake miezi yote hiyo. Hakuna hata mmoja kati ya waliompa dawa hizo aliyekosea akitazamwa peke yake, na ndiyo maana hakuna anayejihisi kuwa na wajibu wa kupima.

Mtu anaweza kujibu kwamba upungufu mdogo wa potasiamu ni bei nafuu ya kuepuka kiharusi. Jibu hilo lina uzito. Katika jaribio la ALLHAT, lililotoa matokeo mwaka 2002 baada ya kufuatilia zaidi ya watu 33,000 Amerika Kaskazini, klorthalidoni, ndugu wa thiazidi, haikushindwa na dawa za bei kubwa katika kuzuia vifo vya moyo, ingawa baada ya miaka minne asilimia 8.5 ya walioitumia walikuwa chini ya 3.5, ikilinganishwa na asilimia 1.9 kwa amlodipini. Lakini uchambuzi wa jaribio la SHEP uliochapishwa mwaka 2000 unaipunguza raha ya jibu hilo: wazee waliotumia klorthalidoni na potasiamu yao ikashuka hawakupata kinga dhidi ya maradhi ya moyo na mishipa waliyoipata wenzao ambao potasiamu yao ilibaki sawa. Kwa maneno mengine, presha inaweza kushuka na faida iliyotarajiwa isionekane.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa presha wa mwaka 2021, lilipendekeza vipimo vya elektroliti na vya kreatinini, inayoonyesha hali ya figo, vifanywe wakati wa kuanza tiba, mradi visicheleweshe tiba yenyewe. Sharti hilo ni la busara kwa nchi kama yetu. Tatizo ni jinsi linavyosomwa. Kutokusubiri kipimo siku ya kwanza kumegeuka kuwa kutokupima kabisa. Na idadi ya wanaohusika inaongezeka: tangu Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii nchini Kenya wamekuwa wakigawiwa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari, kwa hiyo presha sasa inagunduliwa mlangoni kwa mtu. Potasiamu haimo katika mkoba huo, wala haiwezi kuwemo kwa urahisi.

Inafaa kulinganisha na upande wa Virusi vya Ukimwi, ambako magharibi mwa Kenya yamefanyika mengi kupitia AMPATH, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na vyuo vya nje ulioanza mwaka 2001. Mgonjwa wa homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi akipewa amfoterisini B, dawa inayoifanya figo ivujishe potasiamu na magnesiamu, miongozo haingoji alegee. Vidonge vya potasiamu na magnesiamu huanza mapema, na damu hupimwa mara kwa mara. Magnesiamu imo humo kwa sababu: ikipungua, figo huendelea kumwaga potasiamu hata ukiiongeza, jambo la kukumbukwa pia kwa mnywaji wa busaa au chang'aa anayetumia thiazidi. Kwa hiyo maarifa tunayo. Tofauti ni kwamba amfoterisini hutolewa wodini chini ya mpango wenye ratiba, ilhali thiazidi hutolewa kwa mtu anayetembea, anayeonekana mzima, anayetaka kuwahi matatu.

Je, kalamu inaweza kufanya nini? Kwanza, dozi. Upotevu wa potasiamu huongezeka kadiri haidroklorothiazidi inavyoongezwa, lakini kupita miligramu 25 presha haishuki sana kuliko awali. Pale kidonge kilichopo ni cha miligramu 50, kukimeza kizima kila siku ni kununua madhara bila faida ya kutosha. Pili, mchanganyiko. Jaribio la CREOLE la mwaka 2019, lililohusisha wagonjwa 728 wa nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, lilionyesha kwamba amlodipini pamoja na perindoprili ilishusha presha sawa na amlodipini pamoja na haidroklorothiazidi, na zote mbili zilishinda perindoprili na haidroklorothiazidi kwa takribani milimita 3 za zebaki. Nalisoma tokeo hilo kwa macho ya mahali ambapo potasiamu haipimiki kwa urahisi. Ikiwa jozi mbili zina nguvu sawa na moja yao haimwagi potasiamu, basi hiyo ndiyo ya kuanza nayo, isipokuwa kwa mwanamke mjamzito au anayetarajia kupata mimba, ambaye perindoprili na jamii yake hazimfai.

Kwa watakaobaki na thiazidi, ninadai kipimo kimoja kati ya wiki ya tatu na ya nne, kwa sababu dozi isipobadilika sehemu kubwa ya mteremko huwa imekwisha tokea kufikia hapo. Kisha mara moja kwa mwaka, na kila dozi inapoongezwa au salbutamoli na prednisoloni zinapoingia. Kipimo chenyewe kina hila. Damu ikitolewa Kimilili na kupelekwa Bungoma, au kupitia Kamukuywa hadi Kitale, bila seramu kutenganishwa, potasiamu huvuja kutoka kwenye seli na kuongeza namba. Kuiweka katika kasha la barafu, kunakosaidia vipimo vingine, huzidisha uvujaji huo, kwa kuwa baridi huizuia pampu inayoirudisha potasiamu ndani ya seli. Mgonjwa mwenye 3.0 anaweza kurudishiwa majibu ya 4.0 na kuambiwa yuko sawa. Afadhali mashine ya kuzungushia damu iwe kwenye kituo kinachochukua sampuli, na seramu tu ndiyo isafiri.

Hoja yangu ina mpaka mmoja, nao ni figo iliyochoka. Kwa mgonjwa wa namna hiyo hatari hugeuka upande: perindoprili, vidonge vya potasiamu, hata musherekha wa kila siku, vinaweza kupandisha potasiamu hadi moyo usimame. Kwake nisingeongeza potasiamu ya aina yoyote, wala nisingemwanzishia perindoprili, kabla ya kuona kreatinini yake, hata kama kuiona kunamaanisha safari ya Bungoma.