Tuseme Sawasawa: Chaguo na hiari

Wachambuzi wetu wa michezo ya video wamezoea kuandika kwamba mchezo fulani "unampa mchezaji chaguzi nyingi". Chaguzi ni za kura, jamani! Kitu unachoweza kukichagua ni chaguo; yakiwa mengi, machaguo.

Hilo dogo. Kubwa ni kuyaita machaguo hayo hiari. Hiari, neno tulilolipata kwa Waarabu, ni kutenda kwa kupenda mwenyewe, bila kushurutishwa. Ndiyo maana wahenga wakasema yashinda utumwa. Chukua BioShock ya mwaka 2007. Ukimkamata binti mdogo, unaonyeshwa vitufe viwili: umwokoe au umnyonye nguvu zake. Machaguo hayo, tena mazito. Lakini ukimfikia Andrew Ryan, mtawala wa mji wa mchezo huo, vitufe havikutii tena. Mkono wako unampiga kwa fimbo ya gofu hadi anakufa, nawe unatazama tu, huku ukielezwa kwamba tangu mwanzo ulikuwa ukitii amri zilizovishwa adabu. (Waliobuni mchezo huo walijua tofauti ya maneno haya kuliko wachambuzi wake.)

Basi andikeni hivi: BioShock ina machaguo, hiari haina.