Upimaji wa Hisabati katika Shule za Msingi

Mwanafunzi wa shule ya msingi nchini hupimwa somo la Hisabati kwa njia mbili: upimaji endelevu unaofanywa na mwalimu darasani, na upimaji wa kitaifa unaoendeshwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), lililoundwa kwa Sheria Na. 21 ya mwaka 1973.

Katika madarasa ya awali mkazo huwekwa kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu (KKK). Mtoto huanza kwa vitu anavyovishika, kama vile vijiti na vizibo vya soda. Vijiti 10 vikifungwa pamoja huwa fungu moja la kumi.

Hatua hiyo ikirukwa, makosa yake huonekana baadaye. Mwanafunzi akiulizwa 52 kutoa 38, huenda akaandika 26. Hakubahatisha; ametoa 2 kwenye 8 kwa kuwa amezoea kutoa namba ndogo kwenye kubwa. Mwalimu akiweka alama ya kosa na kupita, kosa hilo litarudi kesho. Akimrudisha kwenye vijiti, mtoto atafungua fungu moja, apate vijiti 12, aondoe 8 vibaki 4, kisha aondoe mafungu 3 kati ya 4 yaliyobaki. Jibu ni 14, na sababu yake ameiona.

Upimaji wa kitaifa hufanyika Darasa la Nne, na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Darasa la Saba. Somo lina alama 50: daraja A ni alama 41 hadi 50, B 31 hadi 40, C 21 hadi 30, D 11 hadi 20, na E 0 hadi 10.

Mwaka 2012, majibu ya Darasa la Saba yalipoanza kusahihishwa kwa mashine, Hisabati nayo ilikuwa ya kuchagua jibu. Kivuli cha penseli hakielezi mtahiniwa alikokotoa vipi, na kwenye swali lenye majibu matano, anayekisia ana nafasi moja kati ya tano. Maswali ya kuonesha njia yalirejeshwa baadaye, jambo lililostahili.

NECTA huchapisha katika tovuti yake uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ukiwa na mifano ya majibu sahihi na yasiyo sahihi. Mzazi anayetaka kujua mwanawe anakwama wapi aombe pia kuona daftari la mazoezi, si ripoti ya muhula pekee.