Kutu na Weusi: Historia ya Kutunza Chuma cha Bunduki za Kuwindia katika Bonde la Rukwa

Kamsamba iko kando ya mto Momba, mto ushukao kutoka nyanda za juu na kumwaga maji yake katika ziwa Rukwa. Siku hizi mahali hapo ni pa wilaya ya Momba, mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Wenyeji wa pande hizo ni Wanyamwanga na Wawanda. Wafipa wako kaskazini-magharibi juu ya nyanda zao, na Wanyiha wako kusini-mashariki huko Mbozi. Ni nchi ya joto, yenye mafuriko wakati wa masika na vumbi wakati wa kiangazi, na udongo wake una chumvi. Huko Ivuna, jirani na Kamsamba, watu walikuwa wakipika chumvi tangu karne ya 13, kama walivyoonyesha Fagan na Yellen waliochimbua mahali hapo na kutangaza matokeo yao mwaka 1968.

Nchi ya namna hiyo ni adui wa chuma. Hata hivyo bunduki za kuwindia zilifika huko katika karne ya 19, na baadhi ya magobori yalirithiwa na wana na wajukuu. Wanahistoria wameandika sana habari za bunduki hizo: nani aliyezileta, nani aliyezinunua, na nani aliyeshindwa vita kwa kuzikosa. Lakini hawakuuliza sana ziliishije baada ya kufika. Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba kuitunza bunduki ni elimu kamili, yenye historia yake, na kwamba mtu atakaye leo kurudishia rangi chuma cha bunduki ya babu yake, sharti aijue historia hiyo kabla ya kushika msasa.

Bunduki zilivyofika bara

Kiswahili chenyewe kimehifadhi ngazi za habari hii. Bunduki ya mrao ni ile iliyowashwa kwa utambi wa moto. Ikafuata ya gumegume, yenye jiwe la kutoa cheche. Kisha ya fataki, ambayo nyundo yake hupiga kifuniko kidogo chenye baruti kali juu ya kifa. Mwisho ikaja ya viasi, ambayo hupakiwa kwa nyuma. Tatu za kwanza zote ni za kushindilia kwa mdeki kupitia mdomoni, na ndizo watu wa bara walizoziita magobori.

Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, amesimulia katika maisha yake, yaliyochapishwa na Halmashauri ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki mwaka 1958 na 1959, jinsi alivyopigana na Nsama wa Itabwa, kusini-magharibi ya nchi hii tunayoitaja. Watu wa Nsama walikuwa wengi mno, na Tippu Tip mwenyewe alijeruhiwa kwa mishale, lakini bunduki zilishinda. Tangu hapo kila mtawala wa njia hizo alizitaka. Mwaka 1888 Euan-Smith, balozi wa Uingereza huko Zanzibar, alikadiria kwamba bunduki za kila namna zilizoingia kwa mwaka zilikuwa kati ya 80,000 na 100,000.

Mataifa ya Ulaya yakaingiwa na hofu. Kwa Mapatano ya Brussels ya tarehe 2 Julai 1890 walizuia silaha za kisasa zisiingizwe katika nchi zilizo kati ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini. Bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya kasiba, pamoja na baruti ya kawaida, ziliruhusiwa kuuzwa chini ya ulinzi. Basi wakati Ulaya yenyewe ilipokuwa imekwisha kuziacha bunduki za kushindilia, Mwafrika aliachiwa hizo hizo. Baada ya Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, Wadachi walinyang'anya watu bunduki nyingi. Iliyosalimika ikawa kitu adimu, na kitu adimu hutunzwa. Hivyo sheria iliyokusudiwa kuwadhoofisha watu ndiyo iliyowafanya wajue sana kutengeneza kitu cha kale.

Watu waliokijua chuma

Elimu hiyo haikuanza na bunduki. Wafipa walikuwa wakiyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu, yaliyozidi kimo cha mtu, na ambayo yalivuta hewa yenyewe pasipo mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa mara ya pili katika tanuri dogo lenye mivukuto, kisha kikafuliwa majembe. Greig aliandika habari za kazi hiyo mwaka 1937, na Brock na mwenzake wakaandika za wahunzi wa Unyiha mwaka 1965. Kazi ya kuyeyusha ilififia katika karne ya 20, majembe ya madukani yalipoenea, lakini kazi ya kufua iliendelea.

Mhunzi wa namna hiyo anajua jambo moja lililo kubwa kwa habari yetu: chuma kikitiwa moto hubadili rangi kwa taratibu. Chuma kilichosuguliwa kikawa cheupe hugeuka kuwa na rangi ya majani makavu kwenye joto la digrii 220 hivi za Selsiasi, kisha zambarau, kisha buluu karibu na digrii 300. Rangi hiyo ni utando mwembamba sana wa chuma kilichoungana na hewa. Hupendeza macho, walakini ina hatari: kamani ya mtambo ikipata moto kupita kiasi hulegea, na nyundo haitapiga tena kwa nguvu. Kwa hiyo rangi ya moto yafaa kwa misumari na vipande vidogo tu. Kasiba haitiwi motoni kamwe.

Adui wa ndani

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti. Kipimo cha kawaida ni sehemu 75 kwa 15 kwa 10. Zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki kuwa hewa inapolipuka, bali hubaki kama masizi yenye chumvichumvi, ambayo huvuta unyevu. Kasiba isiyooshwa siku ile ile huanza kuliwa. Dawa yake si mafuta, kwani mafuta yakipakwa juu ya masizi huyafunika tu yakaendelea kula. Dawa ni maji ya moto mengi, kisha kukausha kabisa, ndipo mafuta yasiyo na chumvi yapakwe. Mwindaji aliyeshika utaratibu huu alimrithisha mwanawe bunduki. Aliyeupuuza alimrithisha bomba lililotoboka.

Kuitawala kutu

Sasa natuangalie kazi yenyewe ya kurudishia rangi. Njia ya kale, ambayo mafundi wa Ulaya waliitumia sana katika karne ya 19, na ambayo mtu mvumilivu aweza kujifunza nyumbani, ni ya ajabu: kutu hushindwa kwa kutu.

Kwanza kabisa fundi hupima kama bunduki ni tupu. Gobori laweza kukaa limeshindiliwa miaka mingi bila mtu kukumbuka. Huingiza mdeki mpaka uishie, akatia alama mdomoni; kisha huulaza mdeki nje ya kasiba na kutazama kama alama ile yafika kwenye kifa. Ikipungua, ndani mna kitu, na kazi husimama mpaka kitolewe na mtu ajuaye. Baada ya hapo hufungua vipande vyote, huziba kasiba pande mbili kwa vizibo vya mti, na kusugua chuma kwa urefu wake, kwanza kwa msasa wa kukwaruza, halafu kwa ule laini. Majani ya mti wa msasa, uliozipa jina karatasi za dukani, yalikuwa yakifanya kazi hii kwa wachonga mbao. Halafu huondoa mafuta yote kwa maji ya majivu, na tangu hapo hagusi chuma kwa mkono mtupu, maana alama ya kidole haitashika rangi.

Hapo hupaka dawa kali kidogo, kwa kitambaa kilichokamuliwa, akaiacha kasiba mahali penye unyevu kwa saa kadhaa. Kutu nyekundu huota kama ukungu. Fundi akitaka rangi ya kahawia huisugua kidogo na kuirudia mpaka ienee, ndipo aipake mafuta. Akitaka weusi, huichemsha kasiba katika maji safi ya mvua kwa muda wa nusu saa hivi. Maji ya kisima cha chumvi hayafai. Katika kuchemka, kutu nyekundu iliyo legelege hugeuka kuwa kutu nyeusi iliyoshikamana na chuma, nayo ndiyo ile ile iliyomo katika jiwe la sumaku. Unga uliolegea hufutwa kwa brashi laini ya waya, na kazi hurudiwa mara sita au kumi, siku baada ya siku, mpaka weusi ukolee. Mwisho ni mafuta.

Iko njia nyingine ya viwandani, ya kuchovya chuma katika chumvi kali zilizochemshwa hadi digrii 140 hivi. Hii si ya nyumbani. Humwunguza mtu vibaya, tena huyeyusha lehemu iliyounga bunduki za kale za midomo miwili, zikaachana.

Kinachofutika

Hapa ndipo penye jambo zito kuliko yote. Chuma cha bunduki ni waraka. Bunduki zilizopimwa Birmingham, ambako nyumba ya upimaji iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1813, zina mihuri ya taji. Zile za Liège huko Ubelgiji zina herufi ELG ndani ya duara refu. Na tangu mwaka 1893 taji liliongezwa juu ya duara hilo. Basi gobori lenye duara bila taji lilipimwa kabla ya mwaka 1893, na lenye taji lilipimwa baadaye, yaani baada ya Mapatano ya Brussels. Alama isiyozidi ukubwa wa punje ya mtama yaweza kutuambia kama silaha iliyofika kwenye mto Momba iliuzwa wakati wa biashara huria au wakati wa marufuku. Mtu akipitisha tupa juu yake kwa dakika chache ili chuma king'ae, ushahidi umekwisha, wala hapana weusi utakaourudisha.

Kwa hiyo mwenye kutunza bunduki ya kale aisome kwanza. Apake masizi juu ya alama na kuzichapa karatasini, aandike jina la aliyemrithisha, tena asipitishe msasa juu ya mihuri wala namba. Sheria ya Tanzania ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 yamtaka mwenye silaha awe na leseni, na namba ndiyo ushahidi wake. Mahali palipolika sana si lazima palainishwe. Kutu iliyokwisha kutulia na kupakwa mafuta si aibu ya bunduki, ni umri wake.

Maneno nayo huliwa kama chuma. Mrao, gumegume, kifa na mdeki yamo katika kamusi, lakini ni vijana wachache wayajuao. Wazee wa Kamsamba, Ivuna na Mbozi wana majina ya vipande hivi katika Kinyamwanga, Kiwanda na Kinyiha. Msomaji wa pande hizo atafanya kazi njema akiyakusanya na kuyaandika, pamoja na mhuri wa kila gobori aliloliona, kabla mikono yenye haraka haijafika.