Somo la Historia: Sindano za Kujaza Uso

Fungueni madaftari yenu.

Chini ya ngozi ya uso kuna mafuta. Yakipungua, mashavu huingia ndani. Mwaka 1893 daktari Neuber wa Ujerumani alichukua mafuta ya mkono wa mgonjwa akayatia usoni, ili kujaza makovu. Mwaka 1899 daktari Gersuny wa Vienna alianza kupiga sindano za vaselini. Watu walizipenda sana. Lakini vaselini haiyeyuki mwilini. Ilihama, ikafanya uvimbe mgumu, na wengine walipofuka.

Mwaka 1981 Marekani iliruhusu dawa iliyotokana na ngozi ya ng'ombe. Mwaka 2003 iliruhusu asidi ya hayaluroni, ambayo mwili wetu pia huitengeneza. Hiyo hushika maji, kisha huisha polepole, basi sindano hurudiwa.

Je, habari hizi zatuhusu? Naam. Mwaka 2004 Tanzania ilianza kutoa bure dawa za kupunguza makali ya UKIMWI. Moja katika hizo iliitwa stavudini. Iliokoa maisha ya wengi, lakini wengine iliwamaliza mafuta ya mashavu. Mtu alipata nguvu ya kulima, ila uso wake ulisema aliyotaka kuyaficha. Jirani akimtazama, huona haya. Mwenye hofu hiyo aweza kuacha dawa, na kuacha dawa ni kifo.

Mwaka huo huo wa 2004 Marekani iliruhusu sindano ya kujaza nyuso za wagonjwa wa namna hiyo. Bei yake ilikuwa kubwa mno kwa mkulima. Msaada wetu ulitoka njia nyingine: mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziache stavudini, na wagonjwa wakapewa dawa nyingine. Kuondoa chanzo kulifaa zaidi kuliko kujaza shimo.

Hata leo sindano ya uso ina hatari. Ikiingia katika mshipa wa damu, ngozi hufa, au jicho hupofuka. Asiye mganga asikuchome. Nawe unayetumia dawa, ukiona mwili unabadilika, usiziache. Nenda hospitali ukaseme.

Sasa jadilianeni: kwa nini mtu huficha ugonjwa wake, nasi majirani tufanye nini? Kwaherini.