Uchumba wa Miaka 56

Desemba 2018, kampuni ya Marvel ya Marekani ilitoa toleo la jarida la katuni la Fantastic Four lililobeba harusi iliyosubiriwa tangu Kennedy akiwa Ikulu ya Washington. Bwana harusi, Ben Grimm, anayejulikana kama the Thing, ni pande la mtu mwenye ngozi ya mawe ya rangi ya chungwa. Bibi harusi, Alicia Masters, ni mchonga sanamu asiyeona, na hana nguvu yoyote ya ajabu. Walikutana katika toleo namba 8, mwaka 1962. Miaka 56 ya uchumba! Superman na Lois Lane waliwazidi kidogo, maana walianza 1938 wakaoana 1996, lakini Superman hajawahi kuwa mtu wa kisirani. Ben ni kisirani kitupu.

Na kisirani hicho kina sababu. Jarida lilipoanza, mwaka 1961, Ben alikuwa rubani aliyemwonya rafiki yake Reed Richards kwamba mionzi ya angani itawadhuru. Akaitwa mwoga, akapanda chombo kwa hasira, na mionzi ikawapiga wote wanne waliokuwamo. Wenzake waliporudi duniani waliendelea kuwa na sura za watu. Yeye peke yake ndiye aliyegeuka jitu, asiweze hata kuingia dukani bila watu kukimbia. Ukitendewa hivyo na rafiki, utanuna.

Waliomuumba ni mwandishi Stan Lee na mchoraji Jack Kirby. Kirby, mtoto wa wahamiaji Wayahudi, alizaliwa 1917 na kukulia Lower East Side, mtaa wa mabanda na ngumi wa New York, na wengi waliomfahamu walimwona yeye mwenyewe ndani ya Ben: mfupi wa maneno, sigara kubwa mdomoni, moyo mlaini ukiufikia. Lakini jambo linalosahaulika mara nyingi ni kwamba Kirby hakuwa fundi wa ngumi tu. Mwaka 1947, yeye na Joe Simon walianzisha Young Romance, jarida la katuni za mapenzi lililouzika mno hata wachapishaji wengine wakaliiga kwa fujo. Kwa hiyo mkono uliomchora Alicia akipapasa uso wa mawe kwa mara ya kwanza ulikuwa na mazoea ya miaka mingi ya kuchora wapendanao.

Alicia aliingia kwenye hadithi kwa mlango wa uani. Baba yake wa kambo, Puppet Master, alikuwa mhalifu aliyefinyanga vikaragosi vya watu ili kuwatawala, na alimtumia binti huyo kuwahadaa mashujaa. Vidole vya Alicia vilipogusa uso wa Ben vilikuta nguvu, vikakuta na upole. Tangu hapo Ben akawa na mtu mmoja duniani asiyeshtuka anapoingia chumbani.

Furaha hiyo ndiyo iliyomtia hofu. Je, Alicia anampenda nani hasa, Ben au hili jiwe? Yeye akirudi kuwa mtu wa kawaida, Alicia atabaki? Mwaka 1965 Reed na Sue Storm, mwenzao wa kikosi, walioana, miaka 4 tu tangu jarida kuanza, na Ben akabaki msindikizaji. Mwaka uliofuata alikuja Silver Surfer, kiumbe wa fedha kutoka anga za mbali, na ni Alicia aliyemshawishi kuihurumia dunia iliyokuwa ikingoja kumezwa na Galactus, mla sayari. Ben hakuona dunia iliyookolewa. Aliona mwanamume mwingine nyumbani kwa mchumba wake.

Katika miaka ya 1980, mwandishi na mchoraji John Byrne aliiweka hofu hiyo wazi: kilichomzuia Ben kurudia umbo lake ni akili yake mwenyewe, iliyoogopa kwamba Alicia hampendi Ben wa kawaida. Reed alilijua hilo akanyamaza. Kwa maoni yangu huo ndio ufunguo wa mkasa wote, na pia ni kisingizio kizuri cha kibiashara. Jarida la kila mwezi huishi kwa "itaendelea", na Ben aliyeoa akatulia angewaachia waandishi kazi gani?

Basi wakazidi kuchelewesha. Ben alibaki kwa muda kwenye sayari ya mbali ambako aliweza kugeuka mtu apendavyo. Aliporudi alikuta Alicia yuko na Johnny Storm, kijana wa moto, ndugu yake wa kikosi. Waliooana 1987 wakawa ni hao wawili! Wasomaji walikasirika, na mwaka 1991 waandishi wakaja na ufumbuzi ambao hadithi za namna hii pekee ndizo zinazouthubutu: yule bibi harusi hakuwa Alicia, ni jasusi wa Skrull, viumbe wa anga wanaojigeuza sura. Alicia halisi alikuwa mateka wao muda wote huo.

Posa yenyewe ilitoka 2018 chini ya mwandishi Dan Slott. Ndoa ilifungwa kwa desturi za Kiyahudi, maana tangu 2002 dini ya Ben ilikuwa imetajwa waziwazi. Mashujaa hawaoani kwa amani: habari za Galactus yuleyule zilifika katikati ya sherehe, na Reed akalazimika kuusimamisha wakati ili wapendanao wamalize viapo. Kirby alikuwa amefariki 1994. Lee alifariki tarehe 12 Novemba 2018, wiki chache tu kabla ya toleo hilo kuingia madukani.

Mwaka 2020 wawili hao waliwachukua watoto wawili yatima wa vita vya angani wawalee, mvulana wa Kree, viumbe wengine wa anga, na msichana wa Skrull. Kwa Ben, kazi ya kununa haijaisha. Sasa ananuna kama baba yeyote. Na Alicia, aliyeibiwa miaka na Skrull, anamlea mtoto wao.