Kano za Magegedu ya Goti na Msamiati wa Maniema

Kabambare ilikuwa kituo cha misafara iliyotoka Ujiji kwenda Kasongo na Nyangwe, na pembe za ndovu zilipita hapo juu ya mabega na magoti ya wapagazi. Ndiko David Livingstone, tabibu aliyezoea kuwaganga wengine, alikozuiwa na vidonda vya miguu miezi kadhaa ya mwaka 1870. Kiswahili kilichofika kwa njia hiyo, tukiitacho Kingwana, kilikuja na majina ya viungo vya mwili, likiwemo mushipa, ambalo ndilo linalotushughulisha hapa.

Mushipa hutaja njia ya damu, neva, na hata ule uzi mgumu ushikao mfupa kwa mfupa. Kwa mazungumzo ya nyumbani latosha. Kwa goti halitoshi. Kati ya fupa la paja na muundi mna magegedu mawili yenye umbo la mwezi mwandamo, nayo hushikiliwa na kano. Za ukingoni huyafunga kwenye muundi. Gegedu la ndani limeshikamana pia na kano ya ubavuni, kwa hiyo halisogei sana, na huchanika mara nyingi kuliko la nje. Hilo la nje huweza kuwa na kano mbili zipandazo kwenye fupa la paja, zikipita mbele na nyuma ya kano msalaba ya nyuma: ya mbele ni ya Humphry, Mwingereza aliyeieleza mwaka 1858, ya nyuma ni ya Wrisberg wa Göttingen, aliyefariki mwaka 1808. Si kila goti lina zote mbili.

Ulaya nako (tusidhani wao walijua tangu mwanzo) Bland-Sutton aliyahesabu magegedu kuwa masalia ya misuli yasiyo na kazi. Wapasuaji waliendelea kuyaondoa, hata baada ya Fairbank kuonyesha mwaka 1948 jinsi goti lililonyang'anywa gegedu linavyobadilika.

Sisi hufundisha haya kwa Kifaransa. Kisha muuguzi wa Kasongo huambiwa kwamba mushipa wa goti umekatika. Aelewe damu, neva au kano? Neno kano limo katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, si geni. Kwa maoni yangu mushipa libaki kwa mgonjwa, na muuguzi azoeshwe kuuliza kama goti hukwama linapokunjuliwa, kwa kuwa gegedu lililochanika huweza kulikwamisha, na mshipa wa damu haufanyi hivyo.